Posa Iliyorudishwa Kaole

Nilirudi Kaole kutoka Dubai na diploma ya usimamizi wa hoteli, niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo. Katika ukoo wetu hakuna mwingine mwenye karatasi kama ile. Basi mdogo wangu alipotaka kuposa binti wa Mbegani, nani mwingine angekuwa mshenga?

Nilivaa kanzu iliyonyooka kwa pasi, nikazungumza na wazee wa binti kama nilivyozoea kuzungumza na wageni hotelini: upesi, kwa sauti ya chini ya adabu. Nilipomaliza, mjomba wa binti alijikuna kidevu.

"Bwana mshenga, umekuja kuposa au kuunong'oneza mkeka? Bibi yake yuko ndani na wanawake wenziwe, na neno la mwisho ni lake. Hakusikia kitu. Rudini Ijumaa."

Mdogo wangu, aliyekuwa akingoja nyumbani, alisikia habari akasusa kula. Posa ikirudishwa mara ya pili, watu hutafuta mchumba mwingine.

Shangazi yangu, mwalimu wa madrasa, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Diploma unayo, mwanangu. Mdomo ndio huna. Njoo ukae na wanafunzi wangu."

Nikakaa mkekani na watoto wa miaka saba, mimi na ndevu zangu. Alinifunza kama anavyowafunza wao kusoma Kurani: kila herufi itoke mahali pake, kooni au kwenye ncha ya ulimi, pumzi ivutwe kabla ya kuanza, neno lifikishwe mwisho. Kisha akanifungia chumbani, yeye akasimama uani. Nikimeza silabi, anagonga ukuta kwa mwiko.

"Tumekuja kuomba nini? Malizia! Umelila neno?"

Watoto wakaangua kicheko. Siku ya tatu koo lilinikauka. Siku ya tano mwiko ulinyamaza. Nasema bila haya: hajapata mwanafunzi mwepesi kama mimi.

Ijumaa nilivuta pumzi, nikaelekeza uso kwenye pazia la mlango wa ndani, nikasema polepole, neno kwa neno. Mjomba alitaka kujibu, lakini sauti ya kikongwe ilimtangulia kutoka ndani.

"Nimesikia mpaka jina la babu yao. Wapeni watu kahawa, mnangoja nini?"

Vigelegele vikafuata. Nilimpigia simu mdogo wangu papo hapo barazani, nikampa habari kwa sauti iliyonyooka hivi kwamba mjomba aliniomba nipunguze kidogo.