Mtani Aliyekosa Mazishi

Keresenzia alifunika cherehani yake kwa shuka, akamwachia jirani kuku, akapanda basi la kwenda Kariba. Kwao Gutu watu wote waliambiwa anakwenda kutazama ndovu. Ndovu! Mwanamke aliyeshona sare za shule tangu ujana wake, asiyewahi hata kwenda mjini Masvingo kutembea tu, leo anatamani ndovu. Watu waliitikia kwa adabu, maana mjane haulizwi maswali mengi.

Ukweli ni kwamba alikuwa anamfuata Chakanetsa, sahwira wa mumewe, yaani mtani wa ukoo. Kwao mtu hazikwi kwa vilio vitupu. Sahwira huja msibani akamwiga marehemu, akatembea kama yeye, akamtaja kwa vituko vyake vyote mbele ya jeneza, mpaka wafiwa wacheke. Mumewe Keresenzia alizikwa bila hayo, kwa kuwa Chakanetsa hakutokea. Alibaki mchungaji peke yake, akamsifu marehemu kwa upole na subira, hadi mjane akatamani jeneza lifunguliwe, ahakikishe hawajaletewa maiti ya watu wengine.

Tangu siku ile, kila alipojaribu kumkumbuka mumewe, alimjia yule wa mchungaji: ametulia, kanyoa ndevu, hana neno na mtu. Yule wake mwenyewe, mbishi na mwenye makelele, alikuwa anafutika. Jambo hilo lilimtisha kuliko upweke. Ndiyo maana alikwenda kudai utani wake, ingawa kaburi lilishaota majani.

Chakanetsa, fundi wa boti, alimpokea stendi kwa mikono miwili na mdomo mpana.

"Sahwira! Kumbe mpo? Nilisikia huko Gutu mmekula panya wote, mmeanza kutazamana!"

"Tumekuhifadhi wewe, sahwira. Kwa kitambi hicho kijiji kizima kitakaanga bila kununua mafuta."

Mkewe, Mai Ruva, yaani Mama Ruva, alicheka hadi akaangusha mkoba. Mwanzo ulikuwa mzuri.

Asubuhi yake, kwenye chai, Keresenzia alikohoa kidogo. "Sahwira, siku ile ya msiba—"

"Nililikosa basi, sahwira wangu. Lilinia—we, we! Tazama dirishani!"

Nyani dume alikuwa ameshaingia nusu mwili, mkono uko kwenye mkate.

"Shemeji zako hao!" Chakanetsa akapiga mezani. "Wamesikia umefika!"

Hakukosea. Mnyama wa ukoo wa marehemu ni nyani, ndiyo maana maisha yake yote aliitwa Mukanya, jina la heshima la ukoo huo. Mai Ruva aliinua mwiko apige, lakini Keresenzia alikuwa ameshapiga magoti, anapiga makofi taratibu kama mke anayewaheshimu wakwe. "Chukueni, Mukanya. Chukueni tu."

Nyani akachukua. Siku hiyo walikunywa chai na viazi, na Mai Ruva alinuna hadi saa sita.

Juma zima likaenda hivyo. Keresenzia akigusia msiba, Chakanetsa anaonyesha kidole. Mara punda milia wako mbele ya duka la nyama, mara mamba yuko kwenye mchanga, mdomo wazi. Mara viboko. Wanyama hawakosekani Kariba, na mwenye kutaka kujificha nyuma yao atapata nafasi. Keresenzia aliona kila kitu ambacho wageni husafiri kutoka mbali kukiona, na alikuwa na hasira.

Siku ya mwisho Chakanetsa aliazima boti, akawapeleka wote ziwani wakamwone ndovu akinywa maji. Walisogea karibu na ufuko, akazima injini. Wakangoja. Hakukuwa na ndovu. Hakukuwa na kiboko wala swala, wala hata ndege wa kusingizia. Matemba ya kukaanga, dagaa wa ziwa hilo, yaliisha kwenye bakuli.

Chakanetsa aligeuza shingo kulia na kushoto.

"Hakuna kitu leo, sahwira," Keresenzia akasema. "Nijibu."

"Nililikosa basi."

"Njia ya mwongo ni fupi," Mai Ruva alisema huku akijipangusa vidole. "Mwambie mwenzio."

Chakanetsa alishusha pumzi. "Basi sikulikosa. Nilipanda, nikakaa, nikashuka. Usiku nilijaribu kumwiga mbele ya kioo, sauti ikagoma. Nikaona nitafika pale nilie kama mke wa pili, watu wasemeje?"

"Hakuwa na mke wa pili."

"Ndiyo maana wangeshangaa!"

Keresenzia hakucheka. "Wewe umemkwepa, mimi ninampoteza. Simsikii tena, Chakanetsa. Nitakusamehe vyote, ila kwanza nipe mume wangu."

Boti ilitulia. Chakanetsa akasimama, miguu imepanuka ili asianguke, akafunga mikono mgongoni, akatoa tumbo mbele na kidevu juu. Akakohoa mara tatu, kikohozi cha mtu anayetaka mtaa mzima ujue amerudi nyumbani.

"Nani ameacha geti wazi?" alinguruma. "Nani? Mimi? Mimi sijawahi kuacha geti wazi tangu nizaliwe! Na hii redio inasema uongo, izimeni! Msiizime, nasikiliza!"

Mai Ruva aliziba mdomo. Keresenzia alihisi kifua kinafunguka, kicheko kikamtoka kwa nguvu hata akashika ukingo wa boti. Alikuwa ni yeye, na kelele zake zote.

Machozi yalikuwa yanamchuruzika Chakanetsa hadi kidevuni, lakini sauti haikuyumba. Aligeuka, akatazama huku na huku kama mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Keresi! Keresi! Hii nyumba ina chumvi au tumehamia hospitali?"

Zaidi ya mumewe, hakuna aliyewahi kumwita Keresi.

"Nakuja, baba!" akajibu, na alikuwa ameshanyanyuka nusu kabla hajakumbuka alipo.

Nyuma ya Chakanetsa vichaka vilitikisika. Ndovu wanne, na mtoto wao, waliteremka hadi majini. Mai Ruva akamvuta mgeni wake mkono.

"Mai, ndovu! Wale pale, tazama!"

"Hebu nyamaza," alisema Keresenzia bila kugeuza macho. "Mume wangu anaongea."