Koti Zito la Khalfani

Mboni anauza makoti mazito Kariakoo, na joto la Januari linamgombanisha na wateja kila siku. Mtu anasafiri kwenda kwenye baridi kali, anajaribu koti chini ya bati, jasho linamtiririka, kisha anasema, "Hili zito mno."

"Kwani unaenda kulivalia hapa Mtaa wa Msimbazi?" Mboni humuuliza.

Wiki iliyopita alikuja Khalfani, muuza vyombo anayekwenda Beijing kufuata mzigo kwa mara ya kwanza. Alimwonyesha Mboni picha ya huko kwenye simu: barabara kavu, nyasi za kahawia.

"Dada, theluji yenyewe hakuna. Baridi itatoka wapi? Nipe kijaketi."

Mboni alimnyooshea koti moja zito. Haya alishaelezwa na wateja waliokwenda wakarudi. "Theluji inazidisha baridi, kaka, maana ardhi ikiwa nyeupe inalirudisha jua juu. Lakini baridi haiisubiri theluji. Watu wa Ulaya ya pwani bahari inawapa ujoto kidogo. Kule unakokwenda upepo unatoka bara, mbali na bahari, mkavu, hauna hata unyevu wa kuwa theluji. Baridi inakuja hivyo hivyo."

"Maneno ya biashara hayo!" Khalfani alicheka, akaondoka na kijaketi chake.

Jana akapiga simu, sauti inatetemeka. "Dada Mboni, huku theluji hakuna hata chembe, lakini masikio yamekufa ganzi. Lile koti bado lipo?"

"Lipo," Mboni alijibu, akijipepea kwa kipande cha boksi. "Tunatoka nalo jasho hapa."