Bega la Kushoto

Watu wa pale steji ya Kondele wakiniuliza kwa nini niliacha raga, huwa nawajibu ati umri. Umri gani, bana. Niliacha kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa akila sahani moja na mimi nyumbani kwa mama.

Raga yetu si ile Wakenya wengi wanaijua. Yetu ni ya wachezaji kumi na watatu, ile ya Australia. Ukikabwa unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa kisigino, mchezo unaendelea. Hapa Kisumu ilikuwa ngeni, kwa hivyo tulijifunza kwenye simu. Rafiki yangu, huyo wa sahani moja, alikuwa amepata filamu kuukuu za Waaustralia wa enzi za babu zetu, za rangi nyeusi na nyeupe. Mmoja wao alikuwa na shingo nene kama gogo, akiumia anafungwa bandeji pembeni na kurudi uwanjani. Tulimwita Mzee, kana kwamba ni mtu wa Ahero, hapa jirani. Mimi nilitaka maisha yake yale, nicheze mstari wa mbele mpaka nywele zianze kuisha, na siku moja nivae jezi ya Kenya.

Bega langu la kushoto lilitoka mara ya kwanza tukiwa mazoezini, kwenye kiwanja kimoja cha mawe kule Maseno. Rafiki yangu ndiye aliyelirudisha. Alinilaza chini, akaniwekea mguu kwapani, akavuta mkono polepole huku akiniongelesha mambo ya samaki ili nisahau. Likarudi, lakini tangu hapo likawa legevu. Kocha hatukumwambia. Kocha akijua, timu ya taifa nisahau, na hiyo timu niliitaka kuliko kitu chochote. Basi kabla ya kila mechi tulijifungia chooni, ananizungushia tepu vizuri, navaa jezi juu yake. Hata mama hakujua. Alijua yeye tu.

Baadaye klabu moja ya Nairobi ilimchukua. Sikumlaumu, kila mtu anatafuta. Mama alimpikia samaki wa ngege kwa kuon, ugali wetu, akamwekea mikono kichwani na kumwombea, akimwita wuoda, mwanangu.

Msimu uliofuata klabu yake ilikuja kucheza na sisi. Wateuzi wa timu ya taifa walikuwa wamekaa pembeni kwenye viti vya plastiki, na kila mtu alijua wamekuja kunitazama mimi. Kabla ya mechi rafiki yangu alinifuata, akanikumbatia.

“Omera, ndugu yangu, bega je?”

“Liko tu. Nimelifunga mwenyewe leo, halijakaa sawa.”

Nilimjibu ukweli. Kwa nini nisingemjibu?

Mara ya kwanza nilipobeba mpira niligongwa kushoto. Mara ya pili, kushoto tena. Nikajiambia ni mchezo. Kisha nikamsikia beki wao mmoja, kijana wa Nairobi asiyejua hata kusalimia kwa Kijaluo, akiwapigia wenzake kelele: “Koracham!” Hilo neno kwa lugha yetu ni upande wa kushoto. Kijana huyo alifundishwa na nani? Nikamtafuta rafiki yangu kwa macho. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Mpira uliofuata walinijia watatu, wote upande huo mmoja. Bega likatoka mbele ya wale viti vya plastiki. Lilirudishwa na mtu wa huduma ya kwanza, na rafiki yangu hakusogea. Kocha aliniambia neno moja tu, kwamba ningemwambia mapema, akaenda zake. Wateuzi hawakuja hata kunijulia hali. Aliyechaguliwa siku hiyo ni yeye.

Wiki hiyo hiyo alikuja nyumbani na sukari na mkate. Mama akamkaribisha, maana sikuwa nimemwambia kitu. Mama alipotoka nje kuchota maji, rafiki yangu akaniambia, “Ni mchezo tu, omera. Hata wewe ungefanya.”

Nisingefanya. Haki ya Mungu, nisingefanya. Kilichoniuma hasa ni hiyo lugha. Maneno ya nyumbani kwetu, aliyoyasikia akila kwetu, aliyabeba mpaka Nairobi akawagawia watu waniumize nayo. Sikuwahi kurudi uwanjani.

Mwaka jana baba alifariki. Tulipokuwa tunataka kuinua jeneza litoke nyumbani, wenzangu wa zamani wa raga walijitokeza kusaidia, na yeye akiwemo, ndani ya koti zuri. Nilikuwa nimeshasimama mbele, jeneza likiwa upande wangu wa kushoto. Akanisogelea, akaninong’oneza kwa sauti ile ile ya chooni, ya upole kabisa.

“Omera, hamia upande ule. Bega lako hili halitaweza.”

Walioliona likitoka walikuwa wameshasahau, na mama hakuwahi kujua. Dunia nzima yeye peke yake ndiye alikuwa bado anakumbuka.

Niliinama, nikaingiza bega hilo hilo chini ya baba yangu, nikainuka. Liliwaka njia nzima mpaka kaburini, na sikubadilisha upande.