Mdomo wa Pili

Siku za kazi mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani; Jumapili alikuwa Mdomo wa Pili. Jina hilo alipewa na waumini, kwa sababu mchungaji alihubiri kwa lugha ya mjini, naye, akisimama ubavuni pake, aliigeuza kila sentensi kwa lugha ya kwao, ili wabeba mizigo, wafua nguo na wajane waliojaa mabenchi ya nyuma wapate kusikia. Kabla yake watu hao walikuwa wakiitikia "amina" kwa kufuata mkumbo tu. Kanisa lilikuwa limewanunulia vipaza sauti vikubwa, kana kwamba Habari Njema ilipungukiwa kelele! Kipaza sauti hakitafsiri. Alihitajika mtu.

Na alitafsiri kwa mwili mzima. Mchungaji akinyoosha kidole, naye ananyoosha. Akijipiga kifua, naye anajipiga.

"Hata kikohozi anakitafsiri," wauza mboga walimtania.

Yeye alicheka, lakini sheria yake ilikuwa moja: haongezi neno lake, hapunguzi la mchungaji.

Jumapili ile benchi la mbele alikaa mama mkwe wake, furushi la nguo miguuni. Ibada ikiisha angepanda basi kurudi kwao, na alikuwa ameapa hatakanyaga tena nyumbani kwa mwanawe. Kisa kilikuwa kitambaa. Katika kutaka kusaidia, mama mkwe alifuta mafuta ya cherehani kwa kipande alichodhani ni takataka, kumbe ni mkono wa gauni la bibi harusi. Fundi alilipuka mbele ya wateja waliokuja nyumbani: "Hapa si kwako!" Tena neno hilo alilisema kwa lugha ya kwao, lugha ileile ya Jumapili, ili lifike. Lilifika. Tangu hapo hawakupeana hata salamu. Mume wa fundi ndiye aliyepeleka maneno huku na huku kama tarishi.

"Mwambie mkeo nitapitia kanisani," mama mkwe alikuwa amemwagiza mwanawe asubuhi. "Nimsikie huyo Mungu wao, kama naye hufoka."

Siku hiyo mahubiri yalimhusu mwana aliyetoroka nyumbani kisha akarudi. Mchungaji alipofika kwenye kurudi, damu ilimchemka. Akashuka jukwaani, akapiga magoti.

"Nimekukosea, mzazi wangu! Niweke popote, hata jikoni!"

Fundi akasita. Kisha naye akashuka, akapiga magoti, akajikuta uso kwa uso na mama mkwe. Akayasema maneno yale kwa lugha ya kwao.

Mama mkwe alikuwa hajawahi kuona ibada inayotafsiriwa. Aliruka furushi lake, akamshika viwiko.

"Inuka, mwanangu, sakafu hii ni ya baridi! Jikoni ukafanye nini? Nani kakufukuza?"

Mabenchi ya nyuma yakalipuka kwa vigelegele. Mchungaji, magoti bado chini, akabaki kukodoa macho.

Fundi angenyamaza, mambo yangekwisha hapo. Furushi lingerudi nyumbani. Lakini alijua moyoni kwamba mama mkwe alikuwa amesamehe maneno ya mtu mwingine, na yeye mwenyewe hajafungua kinywa.

"Mama," alinong'ona, "yale yalikuwa ya mchungaji. Mimi nilikuwa nageuza tu."

Mikono ikalegea kwenye viwiko vyake. "Kumbe."

"Ngoja, Mama. Haya sasa ni yangu." Kwa mara ya kwanza mahali pale, hakutazama mdomo wa mtu. "Gauni nitalishona upya. Neno nililokutupia ndilo sijui nilishone vipi. Nilikuumiza mbele za watu, naomba radhi mbele za watu. Pale ni kwako. Usipande basi."

Mama mkwe akamwonyesha mchungaji kwa kidole.

"Na huyo umwambie ainuke, atachubuka bure."

Akarudi kukaa, na kwa kisigino akalisukuma furushi chini ya benchi.

"Amesema nini?" mchungaji aliuliza kutoka sakafuni.

"Anasema uinuke, usijichubue."

"Na wewe je, ulimwambia nini?" aliuliza akiinuka na kujipangusa vumbi magotini.

Fundi alifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Hayo si ya kutafsiri, Mchungaji. Tuendelee. Tuliishia pale mwana anapokaribishwa ndani."