Maiti Haipimwi Joto

Nimezaliwa Upanga, katika familia ya Kihindu, lakini Kiswahili changu nimekiokota Kariakoo, kwenye duka la vitambaa la baba. Wagonjwa wakinisikia hushtuka: "Makubwa! Huyu Mhindi anaongea kama sisi." Mdomo wangu hauna breki, na nimeshagombana na wakubwa zangu wengi kwa sababu hiyo. Siku iliyonipasa kusema, nilinyamaza. Ndiyo ninayoieleza hapa.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Maduka ya dawa yaliota kila kona, na kwenye hospitali nilikokuwa daktari mpya wa watoto, mzazi alitakiwa aje na glavu na bomba la sindano alivyonunua mwenyewe. Mtoto alikatiwa kadi dirishani, akapimwa uzito na joto, kisha mama akakaa naye kwenye benchi kusubiri zamu. Aliyelia sana aliingia kwanza, kwa sababu kelele zilituchosha.

Asubuhi moja nilikuwa napita koridoni na kikombe cha chai mkononi. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja, mwenyeji wa Kilimanjaro, mke wa mwenye duka la jumla Kariakoo. Alikuwa amempakata mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na kitu, kamfunika kanga, anamwimbia taratibu. Nikamsalimia kama watu wanavyosalimiana.

"Habari za mtoto, mama?"

"Nzuri tu, daktari. Ana homa kidogo. Sasa amelala."

"Haya, mwache alale."

Jamani, nani kwetu anaulizwa habari akajibu mbaya? Hata mwenye msiba husema nzuri kwanza, ndipo aeleze yaliyomfika. Nililijua hilo tangu natambaa. Na darasani nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto wa kuogopwa ni yule asiyelia. Yote mawili nilikuwa nayo kichwani, nikapita na chai yangu. Zamu yao ilipofika nikaenda kuwaita. Mtoto alikuwa ameshakufa, na mama bado anampepea nzi.

Muuguzi wa zamu akaninong'oneza: "Andika aliletwa akiwa amefariki. La sivyo utaandika barua za maelezo mpaka mkono uchoke." Ndivyo walivyoandika wote. Nikaandika. Mama akapewa karatasi yake, akaenda kuzika.

Watu hudhani niligeuka mtafiti kwa sababu ya akili nyingi. Akili gani! Ilikuwa aibu. Nilianza kushinda koridoni na daftari, nawahesabu waliolala na waliolia, nani anaingia kwanza. Niliwaomba wauguzi wamwamshe kila mtoto aliyelala benchi. Akina mama walitusema: "Unamwamsha mtoto wa watu kwa raha zako?" Nikawajibu ndiyo, kwa raha zangu. Wengine waliamka wakalia. Wengine hawakuamka, hao tukakimbia nao ndani.

Miaka mitano baada ya asubuhi ile, mkubwa wangu akanipa kazi ya kupitia mafaili ya watoto walioletwa wakiwa wamefariki. Jibu alikuwa nalo tayari: wazazi wa mjini wamezama kwenye biashara, wanahangaika na vidonge vya madukani, wanachelewa. Mimi nimtafutie ushahidi tu. Nikajifungia stoo na yale mafaili, vumbi mpaka kooni. Nikafungua moja, lina kadi. Nikafungua lingine, lina uzito. Lingine lina joto. Nikambebea rundo zima mpaka mezani kwake.

"Mzee, tangu lini maiti inapimwa joto? Huyu hapa ana thelathini na tisa na nusu."

"Makosa ya uandishi hayo."

"Yote haya?"

"Binti, usinichafulie idara."

Nilirudi stoo kwenye mafaili yaliyobaki, hasira zinanichemka, najiandaa kumwumbua mbele ya watu. Faili la tatu nililofungua lilikuwa na mwandiko wangu. Nikakaa sakafuni.

Utafiti ulidai twende kwa familia, tuwaulize mtoto alifia wapi. Lile faili ningeweza kumsukumia mwenzangu. Nilikwenda mwenyewe. Dukani Kariakoo nilimkuta baba wa mtoto akisimamia wapagazi. Nilipomuuliza, hakunitazama.

"Alifia hapa. Mama yake alikuwa anauza, hana habari. Akabeba maiti mgongoni mpaka hospitali. Karatasi ya daktari ninayo."

Akaongeza kwamba mama yake, bibi wa mtoto, alisema mwanamke asiyejua kama mwanawe amekufa hafai kulea mwingine. Wakamwondoa nyumbani. Binti yao mkubwa, wa miaka mitatu wakati huo, akapelekwa Moshi kwa bibi. Mama wa watoto sasa anauza mitumba sokoni Mchikichini. Nilifunga daftari, nikaaga. Nilijiambia mwenye haki ya kusikia kwanza ni mama, na hiyo ni kweli, lakini kweli nyingine ni kwamba niliogopa.

Mchikichini nilimkuta ameinama anachambua nguo za watoto. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Wewe ndiye yule daktari Mhindi."

"Ndiye mimi, mama. Mwanao hakuletwa akiwa amekufa. Alipimwa joto, alikuwa hai. Alifia pale benchi. Mimi nilikupita, na ile karatasi niliiandika mimi. Ni ya uongo."

"Rudia."

Nikarudia.

"Alikuwa hai nilipompakata pale?"

"Alikuwa hai."

"Nilikuwa namwimbia," akasema. "Mama mkwe alisema nilimwimbia maiti."

Akaangua kilio, wauzaji wa meza za jirani wakaja mbio. "We dada, umemfanya nini mwenzetu?" Akawafukuza kwa mkono. Akajifuta uso na gauni dogo aliloshika, akasema neno moja: "Andika."

Nilichana karatasi kwenye daftari langu, nikaandika yote, nikaweka jina na sahihi. Nilijua inaweza kunitoa kazini. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Hii naipeleka Moshi."

"Nitafuatana nawe, mama. Nikaseme mwenyewe mbele ya bibi na ukoo wote."

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

"Njoo useme. Watakusikiliza, wewe ni daktari. Lakini kuna jambo hujui." Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Binti yangu sasa yuko darasa la pili. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, nikampelekea gauni. Akapiga goti mlangoni, akaniamkia: shikamoo shangazi. Ndivyo alivyofundishwa. Nikaitikia marahaba, kwa sababu bibi yake alikuwa amesimama pale. Sasa hiyo, daktari, tutaiandikia karatasi gani?"

Akaokota gauni lingine, akaniambia nije Jumamosi asubuhi, nisichelewe.