Mikono Mikavu kwa Ajili ya Chura

Mtaani walimwita Bwana Chura, naye jina hilo alilivaa kama suti ya harusi. Kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha vyura katika kituo cha utafiti, pale msitu wa mlimani unapozama ndani ya mawingu. Vyura wenyewe walikuwa wa manjano, wadogo kama ncha ya kidole gumba, hawapatikani penginepo, na jike alikuwa amebaki mmoja tu. Tumbo lake lilijaa mayai. Akifa huyo, kizazi kimekwisha.

Chura hunywa kwa ngozi, kwa hiyo Bwana Chura na mafuta ya kupaka walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mfagizi akiingia na mikono inayong'aa, alitimuliwa kama mwizi. Mjukuu akishaogeshwa na kupakwa, babu hambebi. Mkewe ndiye aliyekiona cha moto: hata nyumbani kopo la mafuta lilipigwa marufuku, viganja vikampasuka hadi akawa anaona haya kumpa mtu mkono.

“Wewe mama, unataka kuniulia chura kwa ajili ya urembo?” alikuwa akimfokea.

Ubabe huo! Ungedhani hata malaika akija atarudishwa akanawe kwanza.

Ikafika siku ya mgeni mkubwa kutoka wizarani, na wapiga picha nyuma yake. Mikono ya mheshimiwa iling'aa kwa mafuta, na manukato yake yalimtangulia mlangoni. Akataka kumshika yule jike apigwe naye picha. Bwana Chura aliiona mikono ile. Aliiona vizuri sana. Basi yule simba wa wafagizi akachekacheka, akasema, “Karibu sana mheshimiwa, huyu ni wako,” akamweka chura kiganjani mwa mgeni yeye mwenyewe.

Jioni jike alikuwa chali, mayai yote tumboni.

Nyumbani Bwana Chura alijitupa kitini akalia kwa kwikwi. Mkewe alimwacha alie na kusimulia yote mpaka akatulia.

“Huyo mheshimiwa ulimwambia anawe?”

“Mke wangu, yule ni mtu mkubwa. Ningemwambiaje?”

“Mbona mimi uliweza?”

Mama akatoka, akabisha hodi kwa jirani, akarudi na kopo la mafuta. Akaketi mbele ya mumewe, akajipaka taratibu, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko.