Ngazi za Ghorofa la Bibi

Atakayekuambia kwamba watu wa Ruangwa hawana neno juu ya ujenzi, mwambie aje siku ramani inapotandikwa kibarazani.

Nilihamishiwa hapa kutoka Njombe, mwalimu mgeni, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, nyuma kidogo ya soko. Ilikuwa nyumba ndefu ya bati lenye kutu, vyumba vinatazamana, choo nje, na ua mpana nyuma. Miaka yote niliyokaa humo sikuacha kulalamika. Choo mbali. Maji ya ndoo. Msimu wa korosho ukifika, bibi alileta za shambani kwake Mandawa, akazikaanga uani, na moshi ukaniingilia mpaka kwenye madaftari ya wanafunzi. Alinisikiliza, akanijazia bakuli, nami nikanyamaza kwa muda wa kulimaliza.

Basi mwanawe, mfanyabiashara wa ufuta kule Nachingwea, akaamua nyumba ivunjwe, lijengwe ghorofa la kupangisha. Maghorofa yalikuwa yameshaanza kuota katikati ya mji. Nilipaswa kufurahi, maana lingejengwa kwa ajili ya watu kama mimi, watumishi wenye mshahara. Badala yake nilinyong'onyea. Nyumba mpya huleta wapangaji wapya. Hakuna aliyeniambia nitoke, lakini hakuna aliyeniambia nibaki, na niliona aibu kuuliza. Nikaanza kuulizia vyumba mtaa wa pili, kimyakimya.

Kilichoniuma zaidi ni ule ua, ambao ghorofa lingeumeza. Mama yangu alifariki kwetu wakati wa masika, barabara imekatika, sikuweza kwenda kumzika. Nilidhani nitalia peke yangu chumbani. Asubuhi natoka kunawa uso, nakuta majamvi yametandikwa uani, sufuria ziko mafigani, na akina mama wa mtaa mzima, Waislamu watupu, wamekaa wananisubiri mimi, Mlutheri wa kutoka kwenye baridi. Walikaa nami matanga hadi mwisho, kana kwamba marehemu alikuwa jirani yao. Sijapata maneno ya kuwashukuru, na hapa pia siyapati.

Siku ya ramani, mchoraji aliitandika kibarazani, pembe zake zikashikiliwa na vikombe vya chai. Majirani hawakualikwa, wakaja wote. Muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara alisema kwa vioo vyote hivyo na jua hili, wapangaji wataiva. Mwalimu mwenzangu wa kutoka Mwanza alitaka roshani zitazame barabarani, apate kuona watu. Jirani yetu aliyezoea kuanika makopa yake ya muhogo uani aliuliza sasa atayaanika wapi. Akajibiwa kuwa kuna nafasi juu ya paa.

"Juu ya paa? Nipande huko na ungo kichwani? Mtakuja kuniokota vipande!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi nilikisifu choo cha ndani, tena kwa sauti, ingawa sikujua kama nitakitumia.

Muda wote huo bibi alikuwa anabangua korosho. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akaweka kidole mahali ngazi zilipochorwa. Zilikuwa nyembamba, zenye kona kali katikati, ili kipatikane chumba kimoja zaidi.

"Hapa jeneza litapita?"

Mchoraji akakohoa. Mwana wa bibi akainama karibu na mama yake.

"Mama, hayo ya majeneza yametoka wapi? Wewe chumba chako kipo chini. Hupandi ngazi."

"Kwani nimejisema mimi? Mimi najua nipo chini. Mwalimu je? Si ndiye wa hapa juu, chumba cha pembeni? Siku akifa mtamshusha vipi? Mtambeba wima kama gunia la ufuta?"

Kicheko kikalipuka, macho yote yakanigeukia. Nilitaka kusema kwamba kwetu ni Njombe, kwamba mtumishi husafirishwa akazikwa kwao. Mimi nilikuwa natafuta chumba mtaa wa pili, kumbe bibi alishanipa changu mpaka kufa, wala hakuona kama ni jambo la kuniuliza.

"Mrefu huyu," bibi akamwambia mchoraji. "Simama, mwalimu, akuone."

Nikasimama. Nilikuwa nalia, na nadhani walijua si kwa ajili ya kifo. Muuza vitenge alisema mimi na jeneza langu tutahitaji kona pana kweli, mwenzangu wa Mwanza akasema bora kona yenyewe iondolewe, wakabishana juu ya maiti yangu mpaka chai ikapoa.

Mchoraji alirudia kazi yake. Ngazi zikanyooka na kutanuka, ua ukaachwa nyuma kwa ajili ya makopa na matanga, chumba kimoja kikapotea. Mwana wa bibi alinung'unika kidogo, kisha akaagiza chai nyingine.

Sasa naishi juu, chumba cha pembeni. Choo kipo ndani, na moshi wa korosho unapanda kutoka uani unanikuta hukohuko. Bado nalalamika, naye bado ananiletea bakuli, ila siku hizi humtuma mtu alilete kwa sababu ya magoti. Wageni huniuliza kwa nini nyumba ya kawaida imejengewa ngazi pana namna hii. Nawaambia nilipimiwa.